Wasifu wa Fundi Moja-Mbili, Aliyezima Spika Ibadani

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mkaa. Jina lake la ubatizo halikutumika sana. Mtaa mzima ulimwita Moja-Mbili, kwa maneno aliyoyasema kwenye maikrofoni kila Jumapili kabla ya ibada.

Alisoma shule ya msingi ya misheni jirani na kwao, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi wa redio mwaka 1977. Alifungua karakana yake ya chumba kimoja, ambamo mteja alilazimika kuruka redio za watu ili afike mezani. Ila moyo wake ulikuwa kanisani, kule nyuma kwenye mitambo ya sauti, alikotumika bila mshahara.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mama yetu, mwimbaji wa kwaya. Mchungaji alipomuuliza kama anamkubali, alijibu, "Ndiyo, ila shusheni hiyo maiki, inapiga kelele." Mama hajamsamehe mpaka leo.

Sasa tuseme ukweli, maana uongo aliuchukia. Kanisa letu lilipoanza kuomba uamsho, baba ndiye aliyejua unavyotengenezwa. Mchungaji akiinua mkono, yeye anaongeza besi. Akishusha sauti, yeye anaongeza mwangwi. Watu walianguka na kulia, naye akarudi nyumbani na swali.

"Mama watoto, wamelia pale pale nilipopandisha," alimwambia mama. "Sasa pale nani amewagusa, Mungu au mimi?"

Alasiri moja, kanisa likiwa tupu, aliona taa za mtambo zikipanda na kushuka kwenye maiki ya madhabahuni. Akavaa hedifoni. Akasikia mtu anavuta pumzi, taratibu, karibu naye kabisa. Alipokwenda mbele kutazama, maiki ile haikuwa imechomekwa. Sisi watoto tulimtania kwamba ni waya mbovu.

"Waya mbovu hukwaruza," alisema. "Hauvuti pumzi."

Akamwomba mchungaji Jumapili moja tu bila spika. "Moja-Mbili bwana, tukizima hapa watu wanahamia kwa jirani," akajibiwa. Basi tarehe 14 Juni 2009, katikati ya mahubiri, baba akazima kila kitu.

Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka hata watoto wachanga walivyonyamaza. Mnakumbuka pia tulichosikia, ingawa hatukizungumzi: pumzi moja, ndefu, isiyo ya yeyote kati yetu. Wengine mlitoka mbio, na viatu mkaviacha. Kati ya waliobaki, ndugu wawili wasiosalimiana walishikana wakalia kimya kimya, na mzee mmoja wa kanisa akasimama akakiri kwa mkewe mambo ambayo sitayarudia, kwa kuwa mzee mwenyewe amekaa hapa mbele.

Wiki iliyofuata baba aliondolewa kwenye mitambo, spika zikaongezwa. Hakununa. Kilichomtesa ni kingine. "Kuzima nako ni ufundi," alituambia. "Labda na ile pumzi niliitengeneza mimi." Tangu hapo alikaa benchi la nyuma, mikono mitupu, akisikiliza. Pumzi ile aliikosa kwa miaka yote iliyobaki, na ilituuma kumwona akitoka kanisani vile.

Mwaka 2021 alianza kuugua figo. Mama alimuuguza nyumbani, kwa kuwa wadi ilikuwa na kelele na yeye hakutaka kelele. Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa nane mchana, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, alifumbua macho.

"Nani amewasha?" akauliza.

"Hakuna aliyewasha kitu, baba watoto. Umeme hakuna."

Akatega sikio tena, kisha akacheka kama kijana. "Basi si mimi," akasema. "Mama watoto, si mimi."

Akafumba macho. Mama anasema pumzi yake ilipokoma, ile nyingine iliendelea mle chumbani. Sisi tuliokuwa mlangoni hatukumbishia, maana tulikuwa tunaisikia.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne na dada yake mkubwa.

Pumzika kwa amani, baba. Jibu lako umelipata.