Leso za Bi Mejumaa Zimerudi kwa Wenyewe

Leo, tarehe 30 Juni, Bi Mejumaa Ngumbao anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza mavazi ya ngoma katika jumba letu la utamaduni, hapa Mji wa Kale. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu, lakini nimekasirika na sitaficha.

Alipoajiriwa, chakacha ilikuwa ndiyo kwanza inapandishwa jukwaani kwetu. Kabla ya hapo tuliijua kama ngoma ya wanawake harusini, milango imefungwa, mwanamume hachungulii. Kila harusi na sare yake ya leso za kujifunga kutoka Biashara Street, na kina mama wakishindana nani kapendeza zaidi. Hao ndio waliomletea Bi Mejumaa leso zao za harusi avalishe wachezaji wetu, kwa sharti moja: zisitiwe mkasi. Alikubali mbele yao.

Na kuvalisha alijua. Kibwebwe alikifunga mwenyewe kiunoni, akakikaza hadi Sidi, mchezaji wetu hodari, akalalamika kwamba hata chai haipiti. Hoteli moja ilipotaka wasichana wavae sketi za majani ili watalii wafurahi, aliwashusha wote garini, akawaambia wenye hoteli wazivae wao. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa sikilizeni alivyoagwa. Meneja wetu, Bwana Kenga, alitaka kupamba ukumbi kwa sherehe hii. Bi Mejumaa akiwa likizo, alifungua kabati, akatoa leso za kina mama na kuamuru zikatwe utepe wa kufungia viti. Viti, jamani! Tulipomuuliza, alisema ni matambara ya zamani, na alidhani Bi Mejumaa atafurahi kuyaona. Mcheza kwao hutuzwa, husema wahenga. Bi Mejumaa kwao katuzwa mkasi.

Aliporudi na kuviona viti vile, aliuweka mkoba chini. Alifungua utepe mmoja mmoja, machozi yakimtoka. Kisha akamwambia Bwana Kenga, "Hizi zina wenyewe, mwanangu. Mimi niliwekewa tu."

Tangu hapo amekuwa akibisha hodi, Mji wa Kale, Ganjoni hadi Kizingo, akirudisha leso zilizosalia kwa kina mama au binti zao. Zilizokatwa pia alizirudisha, vipande vile vile, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Wengine walimfokea, naye akavumilia. Bwana Kenga hajabisha hodi hata nyumba moja.

Kabati ni tupu, na meneja ananiuliza wachezaji watavaa nini leo. Hawatacheza. Wamealikwa harusini kwa mmoja wa kina mama wale, na Bi Mejumaa ndiye atakayewafunga vibwebwe, kwa leso iliyotoka mikononi mwake ikarudi kwao.

Ahsante, Bi Mejumaa. Mola akupe umri, afya na furaha nyumbani kwako. Nanyi mnaosoma haya ukumbini mkigeuka huku na huku kumtafuta mgeni wa heshima, kaeni tu na viti vyenu. Hayuko, wala haji.

Kadzo, mapokezi