Fuko Walioziba Njia za Upande wa Kilima

Ndugu waombolezaji, kaka yetu tunayemzika leo, tuliyezoea kumwita Masikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na jina hilo alipewa na mama, kwa sababu alikuwa akilaza sikio sakafuni na kutangaza treni kabla haijaonekana.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, sekondari mwaka 1973, na tarehe 2 Mei 1984, akiwa na shahada ya elimu ya wanyama, aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa usikivu wa wanyama, katika chumba cha chini kilichobandikwa sponji ukutani, ambako kwa miaka thelathini na minne alichunguza fuko, wale wanyama wadogo wachimbao njia chini ya ardhi, wasio na macho ya maana wala masikio ya nje, lakini wanaosikia mngurumo mzito ambao sisi tungeapa haupo.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, mkunga, aliyependa kutania kwamba fuko ndio bi mkubwa, maana siku ya harusi bwana harusi alipitia kwanza maabara kuwapa viazi. Walijaliwa watoto watatu, na kitinda mimba ni mwalimu katika shule iliyo chini ya kilima cha machimbo ya kokoto.

Mwezi Agosti 2016, fuko waliziba kwa udongo njia zote za vioo za sanduku walimofugwa zilizoelekea kilima hicho, marehemu akaligeuza sanduku, wakaziba tena upande uleule wa kilima, akaandika kwamba kilima kinanguruma kwa ndani na huenda kikaporomoka. Mkubwa wake wa kazi alimwambia amezeeka, na mdogo wake, ndiye anayewasomea haya, ambaye nyumba yake iko chini ya kilima, alimwambia mbele za watu kwamba mwenye masikio ya fuko akakae shimoni na fuko. Tarehe 11 Novemba marehemu aliifuta taarifa yake kwa barua, akidai mngurumo ulitoka kwenye feni ya chumba, hali akijua feni hiyo ilikuwa mbovu, haizunguki tangu Julai.

Februari 2022 alianza kuugua figo, akafariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, baada ya kumwagiza mdogo wake kwamba habari ya feni isomwe, isirukwe, kwani asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini yeye alilisikia akalikana.

Jana wachimba kaburi walikata njia ya fuko, upande wa kilima umezibwa kwa udongo mbichi, upande wa pili wazi, na hakuna aliyecheka. Kwa hiyo msiba umehama chini ya kilima, umehamia kwa dada yetu mkubwa, ng'ambo ya mto. Mwalimu, binti wa marehemu, ameomba shule ifungwe, hajajibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani waliohamisha viti na masufuria asubuhi hii bila kuuliza kwa nini.

Pumzika kwa amani, kaka, habari ya feni imesomwa. Nyumba zilizobaki chini ya kilima ni arobaini na moja, na wenyewe wengi wameketi hapa.