Upande wa Pili wa Santuri

Mshonaji: Haloo! Nani mwenzangu? Subiri nizime cherehani... Haya, sema.

Sikio: Sikio la kufa husikia dawa, shemeji. Husikia vizuri tu. Linamjua hadi aliyeichemsha.

Mshonaji: Sikio. Hujambo? Watoto hawajambo?

Sikio: Salamu ziweke kabatini. Mumeo yuko wapi?

Mshonaji: Kazini. Si mko wote huko—

Sikio: Mimi niko nyumbani! Mchana kweupe, mwendesha kreni mzima nimelala kitandani na viatu. Msimamizi amenishusha ngazi mbele ya vijana wote wa ghala. Eti nikapimwe masikio. Mimi! Kilabu kizima cha jazi kinaniita Sikio, leo nikapimwe masikio!

Mshonaji: Pole.

Sikio: Eti?

Mshonaji: Nimesema POLE.

Sikio: Usinipigie kelele. Ni mtandao, unakwaruza.

Mshonaji: Huku hauna neno.

Sikio: Basi huku unakwaruza! Sikiliza. Aliyenisema ni mumeo. Miaka yote mimi niko juu, yeye yuko chini ya ndoano ananipulizia filimbi, leo ananichimbia shimo. Akirudi mwambie—

Mshonaji: Si yeye.

Sikio: —mwambie undugu umekwisha, na ile santuri yangu ya jalada la bluu airudishe leo leo.

Mshonaji: Si yeye, nakwambia! Mume wangu hajafungua mdomo. Na mimi alinikataza. "Sikio ni ndugu yangu," alisema, "usimmwagie mwenzio unga."

Sikio: Sasa ni nani?

Mshonaji: Jumamosi iliyopita, kilabu kilipokutana hapa kwangu, ulituwekea santuri gani?

Sikio: Usinizungushe, bwana.

Mshonaji: Gani?

Sikio: Hiyo hiyo ya bluu. Yenye tarumbeta inayosema kama mtu aliyezibwa mdomo. Naijua kuliko kiganja changu. Na niliwaeleza vizuri tu: hapa mpiga ngoma anashika brashi, hapa piano inanyamaza, hapa tarumbeta inaingia kwa kunyata—

Mshonaji: Uliweka upande wa pili.

Sikio: Eti?

Mshonaji: Upande wa pili! Unatuambia tarumbeta inanyata, kwenye spika klarineti inalia kama imefiwa. Unatuambia piano imenyamaza, nayo inapanda na kushuka kama mtu aliyepotelewa na funguo. Mwalimu akainamisha kichwa. Kinyozi akajifanya anakohoa, akakimbilia jikoni. Hakuna aliyethubutu. Wewe umefumba macho, unatusimulia upande wa kwanza mpaka sindano ikafika mwisho.

Sikio: Mlicheka?

Mshonaji: Nani acheke? Kinyozi nilimkuta jikoni anajifuta macho kwa aproni yangu.

Sikio: Kuchanganya upande... yeyote huchanganya. Kibandiko chenyewe kimefutika.

Mshonaji: Kuchanganya, sawa. Lakini sindano ikishagusa, shemeji? Wewe? Na ule mkono wako, mwaka mzima umeuweka juu ya boksi la spika. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe unaitafuta besi kwa kiganja.

Sikio: Besi naisikia.

Mshonaji: Na filimbi?

Sikio: [mkwaruzo] Huo mtandao—

Mshonaji: Filimbi, Sikio! Wiki iliyopita mume wangu alipuliza usimame, mabomba ya chuma yakazidi kushuka. Akapuliza tena. Akajirusha kando kama chura. Amerudi suruali imechanika gotini, anasema kajikwaa. Nimeishona mimi. Nikamhoji huku nashona mpaka akasema. Kisha akacheka! "Atakuwa alikuwa anawaza jazi." Na mimi nikacheka naye, mjinga mimi. Mpaka Jumamosi.

Sikio: Nilimwona anaruka. Nikasimamisha.

Mshonaji: Ulimwona. Na siku jua likikupiga machoni?

Sikio: Ni wewe.

Mshonaji: Jumatatu nilipeleka makoti mapya ya kazi pale kwenu. Nikamwambia msimamizi.

Sikio: Wewe! Mtu niliyemfundisha kutofautisha saksafoni na honi ya lori!

Mshonaji: Wewe ndiye uliyenifundisha, sikatai. "Usimsikilize anayepiga tu, shemeji, msikilize na aliyenyamaza." Basi nikakusikiliza. Zamani ulikuwa unatuuliza: huyu anayejibu ni nani? Mmesikia alivyokosea pale? Siku hizi huulizi kitu. Unasimulia tu.

Sikio: Ungenifuata kwanza. Ungeniita pembeni, kiungwana. Ungenisema mimi kabla ya kunisemea kwa wakubwa!

Mshonaji: Nilikufuata. Jumapili. Niligonga mlango wako mpaka vidole vikauma. Nikazunguka dirishani, nikakuona umenipa mgongo, unafuta santuri. Nikaita jina lako. Nikapiga kioo.

Sikio: Jumapili hakuja mtu.

Mshonaji: Hukugeuka.

Sikio: [mkwaruzo] Mke wangu hajui. Usimwambie.

Mshonaji: Mkeo? Kila jioni anapandisha sauti ya redio, majirani wakilalamika anasema kiziwi ni yeye. Mwulize.

Sikio: Mwanamke huyo...

Mshonaji: Upo?

Sikio: Nipo. Salio linaniishia. Nisikilize, shemeji, tafadhali. Pale juu ndipo nilipo mtu. Nikishuka kwenye kile kiti mimi ni nani? Mfagia ghala? Nenda kesho umwambie msimamizi ulikosea. Sema niliteta na mumeo ukanisingizia, sema lolote. Masikio nitayapima mwenyewe, kimyakimya.

Mshonaji: Siendi.

Sikio: Basi... basi acha. Niombe radhi tu. Umenivua nguo mbele za watu. Neno moja, nami Jumamosi naja na santuri zangu kama kawaida, yaishe.

Mshonaji: Jumamosi njoo. Kiti chako hakikaliwi na mtu. Ile ya bluu nimeifunika kwa kitambaa kizuri, haijaguswa. Mkono wako utauweka kwenye boksi, na kinyozi atakwambia nani anapiga nini. Atakosea, utamtukana.

Sikio: Na radhi?

Mshonaji: Hapana.

Sikio: Eti? Unakatika. Unakwaruza, sijakupata—

Mshonaji: Haukwaruzi. Narudia kwa sauti, wateja wangu hapa wasikie na mtaa usikie: leo mume wangu anarudi na miguu yake yote miwili. SIOMBI RADHI.