Kumuaga Mwalimu Nathanaeli, Aliyefundisha Bahari Hapa Mlimani

Mheshimiwa Mfumwa, chifu wetu, Bwana Ofisa wa Elimu, uliyetoka Same na kumalizia mlima wetu kwa miguu baada ya gari kukwama, Bwana Mchungaji, wazee wa kamati ya shule, akina baba na akina mama, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioambiwa mkae kimya na bado mnanong'ona: wazee shikamooni, na wengine wote nawasalimu.

Mimi Eliamini, mwalimu mkuu wa shule hii, nimeombwa na kamati niseme maneno mazuri ya kumuaga Mwalimu Nathanaeli. "Maneno mazuri tu," mzee mmoja aliniambia jana, "usitukumbushe mambo ya zamani." Ndugu zangu, mambo yenyewe ni ya mwaka jana! Maneno mazuri mtayapata, lakini kwanza mtanisikiliza.

Tangu habari za uhamisho wake zifike, mlango wangu haupumziki. "Mwalimu mkuu, kwa nini wanatunyang'anya mwalimu wetu?" Mwalimu wetu! Amekuwa wenu lini? Si ninyi mliosema kwamba huyu kijana wa Usangi amerukwa na akili? Si ninyi mlionijia hapa hapa mkauliza mtoto wa hapa kwetu Mamba, anayepalilia kahawa na kukata majani ya ng'ombe, ana shughuli gani na bahari?

Nami sikatai kwamba alinichosha. Alisomea ualimu kule Tanga, na bahari ikamwingia kichwani. Kila likizo alishuka Hedaru akapanda treni, na kila alipopanda tena mlima alikuwa na debe la maji ya chumvi, na ndani yake kaa, chaza na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Safari moja alileta pweza mwenyewe, akamhifadhi katika beseni ofisini kwangu, kwa sababu, alisema, ndicho chumba chenye baridi. Pweza yule alikufa siku ya pili. Harufu yake haikufa. Nilipokea wageni wa heshima nikiwa nimesimama uani, kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Lakini niliingia darasani nikaona. Watoto wasiopata kuona maji mengi kuliko ya mfereji walikuwa wakieleza jinsi mwezi unavyovuta bahari, jinsi maji yanavyokupwa na kujaa. Msichana mmoja, Zipora, binti wa Mzee Filemoni mwenyekiti wetu wa kamati, alisimama akauliza, "Mwalimu, mvua ya vuli inayonyesha huku kwetu si maji ya bahari yaliyopanda?" Nathanaeli akacheka kwa furaha. Wazee wangu, ninyi mnaouliza bahari ina faida gani kwetu, kahawa yenu inanyweshwa na nani?

Ndipo akaomba awapeleke Tanga. Kamati ikakataa. Akaenda nyumba kwa nyumba. Wengine mlimfungia mlango. Wengine mlimkaribisha, mkamlisha, kisha mkakataa. Wachache mlikubali, na kwa hao safari ikapangwa. Mzee Filemoni alisema binti yake hatakwenda kumezwa na samaki. Lakini siku ya safari, stesheni ya Hedaru, mkewe, mama Lydia, alitokea amemshika Zipora mkono. Nikamwuliza, "Mama, baba yake amekubali?" Akanijibu, "Atakubali akishajua." Nami nikapanda treni pamoja nao, maana nilijua likitokea baya nitaulizwa mimi.

Na baya likatokea. Maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea mbali hadi kwenye mwamba wa matumbawe. Watoto wanashika hiki, wanataja kile, na Nathanaeli anaruka huku na huku kama mwana-mbuzi. Ghafla akapiga ukelele akaanguka. Alikuwa amemkanyaga taa, yule samaki bapa anayejifukia mchangani, mwenye mwiba wa sumu mkiani. Mguu ulianza kuvimba tukiutazama. Akawa hawezi kusimama, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Na maji yakaanza kurudi.

Mimi nilifanya nini? Nilipiga kelele. Nikawaamuru watoto wote wanyooshe moja kwa moja ufukweni. Zipora akanishika mkono. "Hapana, mwalimu! Pale katikati ni bondeni, ndipo panapojaa kwanza. Tuzunguke kule kwenye mchanga ulioinuka." Nilitaka kumkaripia. Nikageuka nikatazama, na kweli, pale tulipopita miguu mikavu palikuwa pameshakuwa mto. Wavulana wakafungamanisha mikono wakamketisha mwalimu wao juu yake, wasichana wakashika viatu na vitabu, tukazunguka. Maji yalitufika magotini, kisha mapajani. Hakuna mtoto aliyelia. Mimi sitasema zaidi juu yangu.

Ufukweni tulimkuta mama mmoja, Mwanahalima, anachemsha mihogo. Zipora akamwamkia, akamwomba maji ya moto, yale ya kuvumilika, ili mguu utumbukizwe na sumu ipungue. Mama yule akatoa maji mara moja, akamsaidia kuuosha mguu, kisha akauliza, "Nyie si watu wa bara? Haya mmeyajulia wapi?" Mtoto akamwonyesha mtu aliyelala mchangani. "Yeye ndiye aliyetufundisha."

Tulirudi wote. Wote, wazazi wangu! Na mlitupokeaje? Mlishuka hadi Same kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mkasema mwalimu huyu anataka kuwaua watoto, afukuzwe. Alikuwa bado anatembelea fimbo. Alipopata habari hizo aliniambia maneno machache tu: "Wana haki ya kuogopa, mwalimu mkuu. Ni watoto wao." Nikakasirika zaidi, maana nilitaka naye akasirike.

Bwana Ofisa wa Elimu, ukatumwa kuchunguza. Ulikaa nyuma ya darasa lake asubuhi nzima, ukawauliza watoto hawa maswali, wakakujibu, kisha wakakuuliza wao, nawe ukaanza kujikuna kichwa. Na leo tunajua yaliyofuata: Mwalimu Nathanaeli anakwenda pwani, chuoni, kuwafundisha walimu wa nchi hii namna ya kuwafundisha vijana elimu ya bahari. Kwa hiyo msiniulize tena nani anawanyang'anya. Mlikwenda wenyewe kumtangaza!

Nathanaeli, ndugu yangu, umenichosha miaka yote uliyokaa hapa, na sijui nitamwita nani sasa darasa litakaponiuliza jambo nisilolijua. Shule itakuwa na harufu nzuri, nami sitaifurahia.

Limebaki moja. Zipora amefaulu, amepata nafasi katika shule ya wasichana huko pwani. Anataka kusoma viumbe vya baharini. Nimemwendea baba yake mara nyingi, na kila mara ananijibu, "Nitafikiri." Mzee Filemoni, shikamoo tena. Uko hapo mbele, Mfumwa anakuona, Mchungaji anakuona. Nakuomba mbele ya watu hawa: mwache mtoto aende.

Unasemaje, mzee? Bado unafikiri? Utafikiri mpaka lini, shule inafunguliwa wiki ijayo!

Naam, mama Lydia. Simama tukusikie. Nyamazeni, huko nyuma!

Mmesikia? Anasema sanduku la mtoto liko tayari tangu Jumapili, na aliyelifunga kamba ni Mzee Filemoni mwenyewe.

Mzee wangu! Sasa kwa nini umeniacha niseme yote haya?

Basi. Mheshimiwa Mfumwa, Bwana Ofisa, Mchungaji, wazazi, nawashukuru kwa kunivumilia na kwa masikio yenu. Mwalimu Nathanaeli, nenda salama. Zipora, njoo hapa mbele umshike mkono mwalimu wako. Asanteni sana.