Kigari cha Benicio Kwenye Kona ya Mwisho

YANINA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema polepole, mtoto ndiyo kwanza anafumba macho.

DARDO: Ni mimi, dada. Dardo.

YANINA: Dardo yupi? Mdogo wangu Dardo ningekuwa naye mezani saa hizi. Nimempikia tambi tangu mchana, zimeshikana kama ukuta wa zege.

DARDO: Acha utani, Yanina. Shikamoo basi.

YANINA: Marahaba. Shikamoo yako ina ombi ndani yake, naisikia ikigonga.

DARDO: Nataka unisai— [mngurumo wa injini] —dakika chache tu.

YANINA: Nini? Rudia, kuna ngurumo.

DARDO: Jirani hapa gereji anangurumisha gari lake. Sikiliza. Giabox yangu imekufa. Mazoezi ya asubuhi, mzunguko wa kwanza tu, kwishnei. Nimeiona kona moja na nusu ya mji wenu, basi. Kesho kwenye mbio naanza wa ishirini na mbili.

YANINA: Mko wangapi?

DARDO: Ishirini na mbili.

YANINA: [anacheka] Heri. Hakuna atakayekugonga kwa nyuma.

DARDO: Cheka tu. Don Ítalo, mwenye magari yetu, ametuita mimi na mpwa wake Brunito. Mwakani atabaki na gari moja. Moja, Yanina. Kesho, kati yetu wawili, atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye mwenye kiti cha dereva. Mwingine arudi kwao.

YANINA: Na Brunito anaanza wa ngapi?

DARDO: Wa tano.

YANINA: Ala.

DARDO: Ndiyo hivyo. Wenzangu wote wameitembea njia kwa miguu, wameshika kila kona. Mimi nimelala chini ya gari, mafuta mpaka kwenye viwiko, simu nimeifunga sikioni kwa utepe wa gundi. Nikiiacha giabox hii sasa, kesho sianzi kabisa. Nikawaza, dada yangu anakaa humo humo ndani ya mzunguko…

YANINA: Mzunguko wenyewe nauzunguka mara nne kwa siku! Benicio halali mpaka nimsukume kwenye kigari chake. Kiti kimoja, magurudumu nje, dereva analia. Hakuna kati ya hao ishirini na mbili anayeijua njia kama mimi.

DARDO: Ndiyo maana nimekupigia.

YANINA: Ungesema tangu mwanzo, badala ya kunitupia shikamoo. Haya, shika usukani. Unaanza barabara ya mtoni, mto kushoto kwako—

DARDO: Mto kushoto. Ndiyo.

YANINA: Lami pale laini kama siagi. Benicio husinzia. Halafu kulia, unapanda mtaa wa jirani yetu Doña Eulalia, pole pole, mgongo unauma—

DARDO: Mimi mgongo hauniumi, dada, nina nguvu ya farasi mia mbili.

YANINA: Usinikatize. Juu, kulia tena, unapita chini ya mijakaranda mpaka duka la dawa, halafu kulia unashuka hadi duka la samaki. Hapo chini kuna kiraka cha lami, Benicio huamka kila siku bila kukosa—

DARDO: Subiri, subiri. Mto umesema uko wapi?

YANINA: Kushoto. Uko hapo tangu dunia iumbwe.

DARDO: Kwenye karatasi niliyopewa hapa mto uko kulia.

YANINA: Umeishika karatasi juu chini.

DARDO: Sijaishika juu chini! Yanina… wewe kigari unakisukuma kufuata mabasi?

YANINA: Sasa nikisukume kinyume na mabasi nigongwe? Barabara ya njia moja hiyo!

DARDO: Kesho hakuna basi. Tunakimbia kinyume.

YANINA: Kinyume?

DARDO: Kinyume kabisa. Njia yote uliyonipa ni ya kurudi nyuma.

YANINA: Mmechanganyikiwa nyie? Miaka mitano nakaa hapa, barabara inaelekea upande mmoja, leo mtu mwenye bendera anakuja kuigeuza!

DARDO: Nimekwisha. Basi, dada. Asante. Kula tambi zako.

YANINA: Wee! Usikate. Nyamaza hapo hapo. [mlango unafunguliwa, magurudumu yanalia] Samahani, Benicio wangu, mama anajua, mama anajua ulikuwa umelala.

DARDO: Unafanya nini?

YANINA: Natoka. Nakwenda kuuzunguka upande wenu.

[mtoto analia]

DARDO: Yanina, wameshaweka vizuizi.

YANINA: Nimeviona. Nimemwona na mlinzi mwenye koti la manjano. [kwa mtu mwingine] Nini? Imefungwa? Kaka, mimi nakaa hapa, mlango ule pale. Mtoto hataki kulala. Unataka nije nimlaze sebuleni kwako? [kimya] Asante. Na wewe pia. [kwenye simu] Nimepita.

DARDO: [anacheka] Umemfanya nini?

YANINA: Benicio ndiye aliyemfanya. Sauti hiyo inafungua milango. Haya, niko barabara ya mtoni. Mto kulia. Mungu wangu, mbona kila kitu kimekaa kigeni hivi? Kama kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

DARDO: Sema unachokiona.

YANINA: Duka la samaki. Nakata kushoto, napanda… [kishindo] Ee! Umesikia?

DARDO: Nimesikia. Ni kile kiraka?

YANINA: Ndicho. Kutokea upande huu hukioni mpaka umeshakikanyaga. Kimejificha hapo hapo ukingoni mwa kushoto, mahali ambapo kila mtu atataka kubana kona. Kiache kwa upana wa kigari kimoja na nusu.

DARDO: Kigari kimoja na nusu. Nimeandika mkononi kwa grisi.

YANINA: Sasa… kilima… ngoja nipumue. [anahema] Upande huu… ndio wenye mlima… nyie mna injini, mimi nina mapaja.

DARDO: Pole, dada.

YANINA: Kesho utakuja kuoga huyu mtoto wewe. Kumuogesha, nataka kusema, hata maneno yananiishia. Haya, duka la dawa. Kushoto. Hapa chini ya mijakaranda maua yamedondoka, zambarau tupu, yanateleza kama povu la sabuni. Kiatu changu kimeponyoka mara mbili.

DARDO: Watafagia?

YANINA: Watafagia usiku, asubuhi yatakuwa yamedondoka mengine. Novemba hii. Kaa katikati ya barabara, matawi hayafiki huko.

DARDO: Katikati. [sauti ya spana] Endelea, nakusikia vizuri.

YANINA: Kushoto tena, naanza kushuka mtaa wa Doña Eulalia. Huu mimi siku zote naupanda, sijawahi kuushuka na kigari. Ala… Dardo.

DARDO: Nini?

YANINA: Kinanivuta.

DARDO: Kinakuvuta wapi?

YANINA: Kulia. Nakielekeza chini, chenyewe kinataka kwenda kulia, mkono unauma kukizuia. Na kulia kule mwisho wa mteremko wameweka ukuta wa zege wa kuzuia magari.

DARDO: [spana inasimama]

YANINA: Upo?

DARDO: Nipo.

YANINA: Kwa macho barabara iko sawa kama meza. Ngoja… Doña Eulalia huyu hapa, na ndoo yake.

DARDO: Ndoo ya nini sasa?

YANINA: Ya Jumamosi! Kila Jumamosi jioni huosha mbele ya nyumba yake, aje gavana au yaje magari yako. Kamwaga… Ona! Maji yanatoka mlangoni kwake, hayafuati mfereji hata kidogo. Yanakatiza barabara nzima, yanakwenda kugonga ukutani. Kuanzia mlango wake huu wa kijani, barabara yote imelalia kulia.

DARDO: Na kona yenyewe ni ya kushoto.

YANINA: Kushoto, kali, kurudi mtoni.

DARDO: Kwa hiyo breki kabla ya mlango wa kijani. Gari likiwa bado limenyooka. Baada ya mlango umechelewa.

YANINA: Kabla. Hata kigari kinasema kabla.

DARDO: Dada, unajua umenipa nini? Hiyo kona peke yake ni magari sita ya kupita! Wote watafunga breki baada ya mlango, watatupwa nje ya kona, nitawapita kwa ndani kama—

YANINA: [kwa kunong'ona] Shhh.

DARDO: Nini?

YANINA: Brunito yuko hapa.

DARDO: Brunito gani? Wetu?

YANINA: Fulana ya timu ya Don Ítalo, jina lake mgongoni, kadaftari mkononi, viatu vimelowa maji ya Doña Eulalia. Anahesabu hatua.

DARDO: Usimwambie kitu! Mwambie unamlaza mtoto.

YANINA: Si ndicho ninachofanya? [kwa mtu mwingine] Salama, baba. Ndiyo, namlaza mtoto. Analia kidogo. [kwenye simu] Anahesabu kuanzia mlango wa kijani kwenda chini. Dardo, anataka kufunga breki baada.

DARDO: Baada.

YANINA: Hatua kumi baada. Kaandika na kupigia mstari. Sasa ananiuliza. Mimi ni mwenyeji, eti hapa barabara imekaa sawa?

DARDO: Dada… kiti ni kimoja.

YANINA: Najua.

DARDO: Anaanza wa tano, mimi wa ishirini na mbili.

YANINA: Najua, Dardo. Ana dada huyu?

DARDO: Nani?

YANINA: Brunito. Ana dada?

DARDO: Wawili.

YANINA: Subiri kidogo. [kwa mbali] Siyo hapo, baba. Kabla ya mlango. Angalia maji yanavyokwenda. Ehe. Kabla, halafu ushikilie kushoto.

DARDO: Yanina! Yanina!

YANINA: Usinipigie kelele, nina mtoto.

DARDO: Umempa kona yangu!

YANINA: Bega ulilovunja ukutani linaendeleaje?

DARDO: Linauma baridi ikiingia.

YANINA: Ehe.

DARDO: [spana inaanguka] Alisemaje?

YANINA: Kasimama mdomo wazi anaangalia maji. Kasema asante mara tatu. Sasa anauliza atanilipaje. Nimemwambia ashike mtoto kidogo, mikono yangu imekufa.

DARDO: Ashike mtoto? Brunito hajui kushika hata kikombe cha chai bila kujiunguza!

YANINA: Anajua sana. Kaketi kwenye ngazi ya Doña Eulalia, kamlaza kifuani, anamngurumia kama injini, polepole, gia ya pili. Dardo… amenyamaza. Dardo, amelala! Saa nzima nimezunguka, huyu dakika mbili tu!

DARDO: Hongera zake. Atakuwa yaya mwakani, mimi— [kipaza sauti kwa mbali] Ngoja, wanatuita. Mkutano wa madereva. Saa moja kamili wanasoma majina, asiyeitika anarudishwa mwisho wa foleni ya kuanzia.

YANINA: Wewe si uko mwisho tayari?

DARDO: Mimi ndiyo. Mimi hawana pa kunirudisha. Ila… Dada.

YANINA: Nakusikia.

DARDO: Kutoka hapo ulipo mpaka huku ni dakika ngapi?

YANINA: Kwa kigari kumi na mbili. Kwa miguu ya kijana, saba.

DARDO: Zimebaki nane. Sikwambii umdanganye.

YANINA: Hajaniuliza saa.

DARDO: Hana simu? Wanampigia sasa hivi, nawasikia.

YANINA: Iko mfukoni, upande aliolala Benicio. Naiona inatetemeka. Naye anaiona. Hathubutu kupumua.

DARDO: [anajizuia kucheka] Saba.

YANINA: Nikimwambia atakurupuka, atamwamsha. Unajua nimetembea kiasi gani leo? Mbele na nyuma!

DARDO: Habari ya ukuta si ulimwambia mwenyewe?

YANINA: Ukuta ni ukuta, Dardo. Foleni ni foleni.

DARDO: Sita! Zimebaki sita!

YANINA: Sasa wewe bado umelala chini ya gari unangoja nini? Toka! Kimbia!

DARDO: Natoka, natoka— hii simu imegandia sikioni— salio lenyewe—

YANINA: Iache hapo hapo, kimbia nayo! Na jina lako likiitwa uitike kwa nguvu!

DARDO: Dada, kesho, mimi na yeye, mstari mmoja wa nyuma, wote tunajua ko—

YANINA: Ndivyo ninavyotaka kuwaona. Nenda! [kwa mbali, kwa kunong'ona] Hapana, baba, kaa tu, kaa. Ni mdogo wangu, alikuwa anaaga.

[simu inakatika]