Kicheko cha Chumba cha Kufulia

Mheshimiwa Mganga Mkuu, Ndugu Katibu wa Hospitali, Mkuu wa Wauguzi, wafanyakazi wenzangu wa ngazi zote, na wewe mke wangu uliyenionya nisipoze chai ya watu kwa maneno mengi: salamu zangu zimfikie kila mmoja kwa cheo chake na heshima yake.

Nimefua mashuka ya hospitali hii miaka ishirini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo nikiwa mkuu wa chumba. Leo mnaponiaga nikistaafu, mmenisifu kwamba nilikuwa mcheshi. Ni kweli, mdomo ninao. Ila kuna mzaha wangu mmoja ambao si wa kujivunia. Wahusika wawili wamo humu ukumbini. Nimewaomba ruhusa, wamenipa. Wangekataa, ningewaeleza habari za mashine tu.

Mwenzangu wa mashine ya pili, yule pale mstari wa tatu, alipoletwa kwetu nilimuuliza kwao ni wapi. Alipotaja kabila lake nikasema mbele ya wote, "Lo! Watu msiojuana na sabuni, leo mmeletwa kufua!" Watu wakavunjika mbavu, naye akacheka. Basi nikaona nimepata mtaji. Miaka tisa! Doa likigoma kutoka, nasema hilo limetoka kwao. Sabuni ikipungua, nasema yeye hatajua tofauti. Kila mara alicheka, nami nikajiambia tumezoeana. Nani kati yetu hajawahi kujipa ruhusa ya namna hiyo? Na nani aliwahi kujiuliza kama mtu anacheka kwa raha, au anacheka kwa sababu msemaji ndiye anayemsainia likizo?

Mwaka jana mama yake mzazi alikuja kuona mwanawe anapofanyia kazi. Tukampa kiti karibu na meza ya kukunjia. Mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikatoa lile neno la sabuni na kungoja kicheko. Mama aliaga kwa adabu zote, na alipoinuka alishika ncha ya mtandio wake akapangusa kiti alichokalia, taratibu, mpaka miguu ya kiti. Akamwambia mwanawe, "Tusije tukawachafulia."

Ndugu zangu, aibu ya siku ile sijapata kuionja tena. Wiki ile ile mwenzangu akaniletea barua ya kuomba uhamisho. Nami, badala ya kunyamaza, nikamuuliza, "Mbona siku zote ulikuwa unacheka?"

Akanijibu, "Bosi, ningefanya nini? Nyumbani nafua sare yangu mara mbili, nisije nikakupa la kusema."

Nikamwomba radhi. Hakunipa siku hiyo, na alikuwa na haki. Nikaenda kwa mama, nikamwomba na yeye. Aliniuliza swali moja tu: "Na wale waliocheka, umewaambia?" Nikarudi nikawaambia, kila mtu amesimama penye mashine yake, kwamba neno lile lilikuwa uongo na tusi, na lisisemwe tena nikiwepo wala nisipokuwepo. Baada ya siku chache mwenzangu aliichukua barua yake mezani kwangu, akaichana.

Nikashusha pumzi, ingawa si zote. Mtu anaweza kukusamehe na bado akakuogopa. Miezi ilipita, jibu lake kwangu likiwa "ndiyo, bosi" na basi.

Hadi Jumanne hii. Nilichanganya mashuka ya chumba cha upasuaji na nguo za watoto wachanga. Akanizimia mashine, akashika kiuno: "Mzee, miaka yote hiyo bado hujajua tu? Hebu toka hapo!" Chumba kizima kikanigeukia. Mheshimiwa, nilitoka hapo nikitabasamu mpaka mlangoni, maana kwa mara ya kwanza alikuwa ameniambia la moyoni bila kuniogopa.

Kuanzia kesho yeye ndiye mkuu wa chumba, na mmechagua vema. Mama, asante kwa kuja. Wenzangu, nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Naondoka mwepesi.