Dirisha la Ndani kwa Pindo

Nilikuwa nimeingiza kidole kinywani hadi gego la mwisho. Nikaung'oa uzi wa nyama ulioniudhi tangu mchana, nikaukagua, nikavuta tumbo ndani, nikajigeuza ubavu nione kama kweli nimenenepa au ni shati tu. Nilipojikenulia meno mara ya pili ndipo nikaona kwamba kile kioo kina macho. Kumbe hakikuwa cha kujitazamia. Lilikuwa dirisha, tena ndani ya nyumba, kati ya sebule na chumba cha mgonjwa, na nyuma yake, kitandani, mke wa rafiki yangu Pindo alikuwa ananitazama. Binti yake alisimama mlangoni na bakuli la uji. Akasema, "Shikamoo baba mdogo," kwa sauti ya mtu aliyejizuia kucheka. Mimi huyo, niliyepika kwenye meli miaka kumi na saba, bandari zote zinanijua kwa mabegi yangu, niliaga bila kuketi, nikatoka mbio hadi kijiweni.

Kijiwe chetu ni benchi moja la chuma mbele ya karakana ya Grenda. Alilichomelea mwenyewe kwa mabaki ya mageti ya watu, ndiyo maana lina nakshi za aina tatu na miguu isiyoelewana. Bi Birika ana jiko lake la mkaa pembeni, anauza kahawa na kusikiliza bure. Dokta yupo kila siku. Huyo aliwahi kufungua geti la hospitali kwa miaka ishirini na mbili, akastaafu na elimu yote iliyopita pale getini. Mimi wananiita Mabegi. Nilipowasimulia aibu yangu, Grenda alicheka hadi akavua miwani yake ya kuchomelea.

— Hiyo ndiyo sifa ya kazi yangu! Umesimama mbele ya kioo hukujua ni kioo. Kimenyooka hicho. Bomba za mraba, nyeusi ti, vipande kumi na viwili, kila kimoja nimekipima mara mbili.

— Nilijua ni kioo, bwana, sikujua kina mtu, nikamwambia.

— Na mwenyewe shemeji alifanyaje? akauliza Bi Birika.

— Hakufanya kitu. Ndicho kilichonitisha. Yule mama zamani ningechokonoa jino mbele yake, mtaa mzima ungejua kabla sijatoa kidole.

Mke wa Pindo alipigwa na kiharusi mwaka jana. Upande mmoja ukalala, na sauti yake, ambayo ilikuwa inaita watoto kutoka mtaa wa pili, ikabaki uzi mwembamba. Ukitaka kumsikia uinamishe sikio mdomoni pake. Pindo ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Mwanzo kulikuwa na uwazi tu ukutani, umening'inizwa kitambaa. Halafu mama akaanza kukohoa, daktari akasema ni vumbi la nguo, lile jepesi linaloruka mkasi ukipita. Zibeni, akasema. Pindo hakutaka ukuta. Alitaka kumwona mkewe huku akishona. Grenda akamtengenezea dirisha la fremu ya chuma, kama yale ya kwenye majumba ya watu wenye nafasi.

— Binti kaniambia jambo pale mlangoni nikiaga, nikasema. Siku ya nne leo mama yake hali. Anafumba mdomo. Daktari kasema ikifika Jumamosi hajala, atawekewa mpira wa puani.

— Mpira! Bi Birika akaweka birika chini. Mtu akishawekewa ule...

Akageuka kupepea mkaa.

— Mimi nilijua, akasema Dokta. Ni hicho kioo. Kioo kinatoa baridi. Baridi inaingia tumboni, tumbo linajikunja, chakula kitapita wapi? Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Mama wa miaka sitini na mbili, azae nini? Grenda akauliza.

— Methali haiulizwi umri. Maana yake, ukificha ugonjwa.

— Kwani nani kauficha? Si ndiyo kwanza tumeuwekea dirisha?

— Haya, basi nisikilizeni. Kuku ukimtazama hatagi. Mnabisha? Kaa mbele ya kuku, mkazie macho, uone. Kutazamwa kunakula nguvu. Pindo anamtazama mkewe saa kumi kwa siku. Anamla taratibu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— We Dokta, mwenzako anampenda mkewe!

— Hata simba anaipenda nyama.

Bi Birika alimpa kikombe ili kinywa chake kipate kazi nyingine.

— Mimi naona hivi, akasema yeye. Yule mwanamke alikuwa msafi. Sasa analala pale, anaona sebule yake kupitia kioo, vitambaa chini, nyuzi chini, vikombe juu ya cherehani. Na hawezi kumgombeza mtu. Mtu anaweza kufa kwa hilo. Mimi ningekufa jana.

— Uji, akasema Grenda. Msihangaike. Yule binti hajui kupika uji. Niliunywa siku ile ninapima. Ningeweza kubandikia vigae.

— Mimi nilipokuwa melini, nikaanza.

— Yuleee! Meli imeng'oa nanga, Dokta akasema.

— Subiri. Meli moja walitia kioo kati ya jikoni na ukumbi, abiria wamwone mpishi. Wiki ile nilitia chumvi mara mbili kwenye kila sufuria. Nikakata na kidole hiki hapa. Nahodha akadhani nimelewa.

— Ulikuwa umelewa?

— Nilikuwa nimelewa, lakini hoja si hiyo.

— Ngojeni, ngojeni. Dokta alikuwa amesimama sasa, na Dokta akisimama ujue ukweli unalala. Nyie mnasema anaona sebule. Taa ikiwashwa kwake, sebuleni giza, anaona nini? Anajiona mwenyewe! Anamwona mwanamke mgonjwa kalala sebuleni kwake. Hamjui. Anasema, huyu nani? Mume wangu kaleta mke mwenza, tena mgonjwa kama mimi! Anamwona analishwa uji. Kila akilishwa yeye, na yule analishwa. Ndiyo kagoma. Hali mpaka mwenzake aondoke!

Tulicheka. Nasema kweli, tulicheka, na Grenda akapiga benchi kwa kiganja. Pindo alikuwa amesimama nyuma yetu, utepe wa kupimia shingoni, nyuzi nyeupe kwenye nywele. Sijui alikuwa amefika tangu wapi. Tangu kwa simba au tangu kwa mke mwenza. Nilimpisha akae. Hakukaa.

— Grenda, akasema. Nataka uje uubomoe ule ukuta uliobaki. Weka kioo kutoka chini hadi juu.

— Wote?

— Wote. Sasa hivi nikikaa kwenye cherehani namwona kuanzia kifua. Miguu siioni. Labda miguu inamuuma, mimi najuaje? Nikimwona mzima nitajua anachotaka.

— Fundi, ule ukuta umebeba...

— Nitaanza kushona usiku. Nitakulipa. Jumamosi ni keshokutwa, Grenda.

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, huku akiukunja ule utepe na kuukunjua. Dokta alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu. Pindo na huyo mkewe wameishi pamoja miaka thelathini na nane. Nimeoa mara mbili na kuachwa mara mbili, kwa hiyo hesabu hiyo mimi naiheshimu kama mtu anavyoheshimu mlima asioupanda.

Kulikuwa na mama mmoja pale, mgeni, ameleta kiti kilichovunjika mguu. Alikuwa amekalia kile kile kiti kibovu, ameuegemeza upande mzima kwenye ukuta wa karakana, anasubiri foleni yake kimya. Akamwuliza Grenda:

— Samahani fundi. Hilo dirisha linafunguka?

— Halifunguki, mama. Fremu imekufa pale pale. Vumbi ndilo tulilokuwa tunakimbia. Nimelizungushia gundi ya silikoni ndani na nje. Tena nilijaribu: nilisimama sebuleni nikapuliza moshi wa sigara kwenye kila kiungo, mwenzangu chumbani ananusa. Hakupata hata harufu.

— Na sauti?

— Sauti gani?

— Huyo mgonjwa akiita, mnamsikia?

Grenda akamtazama Pindo, Pindo akanitazama mimi, mimi nikamtazama Bi Birika, yeye akatazama mkaa.

— Haiti siku hizi, Pindo akasema polepole. Zamani alikuwa ananung'unika, nasimamisha cherehani, naenda. Siku hizi ametulia. Nikimtazama namwona ametulia.

— Siku hizi tangu lini? akauliza yule mama.

Pindo aligeuka akaanza kwenda, kisha akakimbia, mtu wa miaka sitini na tano, utepe unapepea mgongoni. Grenda alimfuata na aproni yake ya ngozi. Nami nikafuata, sikwenda kwa ushujaa, ila benchi lile likibaki na mtu mmoja upande huo linapinduka.

Tulipofika, Pindo alisimama sebuleni, hakuingia. Daktari alimkataza kuingia na nguo za kazi, kwa ajili ya lile vumbi, na yeye amri ya daktari huishika kama vipimo vya mteja: asubuhi na jioni, ameoga, amebadilisha nguo, basi. Katikati anatazama. Binti alikuwa ndani, kijiko mkono mmoja, simu imebanwa begani, anaongea na mtu. Akatuona, akakata.

— Mama huwa anasema kitu? nikamwuliza nikiwa mlangoni.

— Ananung'unika, baba mdogo. Nadhani ni maumivu.

— Umewahi kuinama ukasikiliza?

Binti aliangalia bakuli. Machozi yakamjaa; mimi nikaingia, yeye akatoka nalo na kufunga mlango.

Kupitia kioo nilimwona Grenda anagonga fremu yake kwa kifundo cha kidole, hapa, hapa, hapa, kama anayetafuta mahali pa kukata. Mdomo wake ulikuwa unaongea. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, sikusikia hata silabi moja. Pindo alikuwa kando yake, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye kioo, na paji la uso pia, na pumzi yake ilikuwa inatia ukungu mviringo unaokuja na kuondoka.

Mke wake alinitazama. Midomo yake ikacheza.

Nilipiga magoti pale kitandani. Magoti yangu yalilia, na kwa mara ya kwanza maishani sikulifanyia mzaha jambo hilo. Nikamwambia, "Shemeji, mumeo yupo pale. Yupo kutwa nzima, hajakuacha hata dakika. Tatizo ni kioo, hatukuwa tunakusikia. Grenda atakikata leo hii. Sema unachotaka, nitamwambia." Nikaliweka sikio langu mdomoni pake. Palikuwa na joto pale, na pakavu. Nyuma ya kioo Pindo alikuwa ananiuliza kwa nyusi: anasemaje? anasemaje?

Ilimchukua muda. Neno lilikuja, likakwama, akaanza upya, kwa hasira ile ile ya zamani isipokuwa ilikuwa imebaki pumzi tupu.

— Najua yupo, akasema. Sijafa. Mwambie aache kunitazama, nile.